Mgeni Mpe Jembe: Mahitaji, Uzoefu na Ufanisi wa Kitaaluma wa Wanafunzi wa Kigeni Vyuoni

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mgeni kuwa ukarimu una mpaka, na kwamba anayekaa sharti afanye kazi pamoja na wenyeji wake. Hata hivyo, methali hiyo ina upande wa pili ambao hautajwi sana. Haisemi kwamba mgeni aje na jembe lake, inasema apewe. Anayempa ni mwenyeji, kwa kuwa ndiye anayejua udongo wa shamba, mipaka yake na mbegu zinazoota humo. Kumtaka mgeni alime bila kumpa jembe ni kumwonea.

Makala haya yanaitumia methali hiyo kuchunguza hali ya mwanafunzi anayevuka mipaka ya nchi yake kwenda kusoma katika chuo kikuu cha ugenini. Hoja kuu ni kwamba wanafunzi wa kigeni wanapokwama masomoni, mara nyingi chanzo si uchache wa akili wala uvivu. Chanzo ni kwamba chuo huwadai kazi tangu siku ya kwanza, huku kikiwaacha wabahatishe kanuni ambazo hakuna aliyewaeleza. Mifano mingi imetolewa katika tajriba ya Wakenya waliosoma Marekani, kwa kuwa historia yao inajulikana vyema. Baada ya hapo, mjadala unageuzwa kuelekea vyuo vya Kenya vyenyewe, ambavyo navyo vina wageni wao.

Usuli wa Kihistoria

Mnamo Septemba 1959, ndege iliyowabeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kuelekea New York. Huo ulikuwa mwanzo wa safari zilizopangwa na Tom Mboya kwa ushirikiano na wahisani wa Marekani, wakiwemo mchezaji mashuhuri wa besiboli Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka wa 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulichangia dola 100,000. Kufikia mwaka wa 1963, takriban wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepelekwa kusoma kwa njia hiyo.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka wa 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyejiunga na chuo cha Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1964, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka wa 1966, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika tawasifu yake, Unbowed, iliyochapishwa mwaka wa 2006, anasimulia jinsi safari ya basi kutoka New York ilivyomfikisha katika mkahawa mmoja wa jimbo la Indiana ambako yeye na wenzake walinyimwa nafasi ya kuketi kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Chuoni nako alipokelewa na watawa wa Kibenedikto ambao anawakumbuka kwa upendo. Matukio hayo mawili yalitokea katika nchi moja, katika safari moja. Yanaonyesha kwamba nchi haimpokei mgeni. Wanaompokea ni watu na taasisi, na tofauti ya mapokezi yao ndiyo inayoamua mengi kuhusu mustakabali wake.

Katika miaka hiyo hiyo, vijana wengine wa Kenya walielekea mashariki, hususan kupitia juhudi za Jaramogi Oginga Odinga. Baadhi yao walisoma Moscow katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa mwaka wa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka wa 1961. Utaratibu wa Muungano wa Kisovieti ulikuwa na jambo moja la kuzingatiwa: mwanafunzi wa kigeni hakutupwa moja kwa moja katika mihadhara. Kwanza alipitia mwaka wa matayarisho ambapo alifundishwa Kirusi. Kwa maneno mengine, alipewa jembe kabla ya kupelekwa shambani. Waliokwenda Marekani hawakuandaliwa kwa namna hiyo, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba Kiingereza wanakijua tayari.

Pamoja na hayo, lugha peke yake haikutosha. Mnamo Desemba 1963, wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu mjini Moscow kufuatia kifo cha mwenzao kutoka Ghana, wakilalamikia ubaguzi. Funzo linalotokana na historia hii ni kwamba mgeni anahitaji mambo mawili kwa pamoja: zana ya kufanyia kazi na usalama wa kuifanya.

Mahitaji ya Mwanafunzi wa Kigeni

Mahitaji ya kimwili ndiyo huonekana kwanza. Mwanafunzi anahitaji karo, malazi, chakula, bima ya afya na mavazi ya kukabiliana na baridi asiyoizoea. Haya ni mazito, lakini yanajulikana, na vyuo vingi huyataja katika barua za kuwakaribisha wanafunzi.

Mahitaji ya kisheria hayaeleweki kwa urahisi hivyo. Mwenye viza ya masomo ya Marekani anayesomea shahada ya kwanza hutakiwa, kwa kawaida, kusajili angalau saa 12 za masomo katika kila muhula. Masomo yanapoendelea, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki; kazi ya nje ya chuo huhitaji idhini maalumu. Kwa hiyo, uamuzi ambao kwa mwenyeji ni wa kawaida kabisa, mathalani kuacha kozi moja iliyomshinda, unaweza kumfanya mgeni apoteze haki ya kukaa nchini. Mwenyeji akianguka mtihani hurudia kozi. Mgeni akianguka huhesabu siku.

Kwa Mkenya, mahitaji haya hukutana na jambo jingine lisiloandikwa katika fomu yoyote, yaani deni la heshima. Wanafunzi wengi husafiri kwa fedha za harambee. Wajomba wamechanga, kanisa limechanga, na pengine kipande cha shamba kimeuzwa. Aliyeko ng'ambo huhesabiwa nyumbani kuwa amekwisha kufika, ilhali yeye mwenyewe anajua kuwa ndiyo kwanza ameanza. Simu za kuomba karo ya mdogo wake huanza kabla hajamaliza muhula wa kwanza. Ndipo baadhi yao wanapojiingiza katika kazi za usiku zinazozidi saa walizoruhusiwa, wakasinzia mihadharani, alama zikashuka, na ufadhili ukapotea. Aliyetaka kulipa deni la ukoo hujikuta amepoteza kile kilichokopewa. Mwanafunzi wa namna hii huhitaji fedha, naam, lakini pia huhitaji mtu wa kumsaidia kuwaeleza wa nyumbani ukweli bila kuvunja heshima.

Hatua za Kuzoea Ugeni

Wataalamu wameieleza safari ya kuzoea ugeni kwa namna mbalimbali. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya mwaka wa 1960 kuhusu mshtuko wa kitamaduni, alitaja hatua nne: furaha ya mwanzo, mgogoro, kupata nafuu, na hatimaye kuzoea. Kabla yake, mwaka wa 1955, Sverre Lysgaard alikuwa amewachunguza wasomi wa Norway waliokwenda Marekani. Aligundua kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Kutokana na utafiti huo kulizuka picha ya mstari unaoteremka kisha ukapanda tena.

Picha hiyo imepingwa. Mwaka wa 1998 Colleen Ward na wenzake walionyesha kwamba kwa wanafunzi waliowachunguza, ugumu ulikuwa mkubwa zaidi mwanzoni kabisa, si baadaye. Tofauti hii ina uzito katika utendaji. Vyuo vingi huandaa juma moja la mwelekeo kwa wageni, kisha huwaacha. Ikiwa Ward na wenzake wamesema kweli, juma hilo humkuta mgeni akiwa amechoka na kuchanganyikiwa, wala hawezi kushika mengi. Ikiwa Lysgaard ndiye aliyesema kweli, basi msaada huisha miezi kadhaa kabla ya kuhitajiwa. Kwa vyovyote vile, juma moja halitoshi.

Mtaalamu mwingine, John Berry, ameainisha njia nne ambazo mtu hufuata anapokutana na utamaduni mgeni. Anaweza kushika wake na kuupokea wa wenyeji, kuuacha wake na kuufuata wa wenyeji, kujifungia katika wake, au kuipoteza yote miwili. Kwa jumla, Berry huiona njia ya kwanza kuwa na manufaa zaidi. Methali za Kiswahili zimekuwa zikijadiliana kuhusu suala hili tangu jadi. Moja inasema mwacha mila ni mtumwa. Nyingine inasema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Zikisomwa pamoja, methali hizi hazipingani. Zinamfunza mgeni kupima ni lipi la kushika na ni lipi la kulegeza.

Lugha na Kanuni Zisizoandikwa

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi huchukuliwa kuwa hana tatizo la lugha. Hata hivyo, mtaalamu wa lugha Jim Cummins, mwaka wa 1979, alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya taaluma, akaonyesha kwamba kuimudu ya kwanza si hakikisho la kuimudu ya pili. Darasani, lugha ya taaluma hujumuisha mengi zaidi ya msamiati. Hujumuisha namna ya kuuliza, ya kupinga, ya kunyamaza na ya kujenga hoja. Mifano minne itatosha.

Mfano wa kwanza ni alama. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, alama 70 hutosha kupata daraja la A. Katika vyuo vingi vya Marekani, daraja hilo huanzia karibu alama 90, na 70 ni alama ya mtu anayechechemea. Mwanafunzi aliyerudishiwa insha yenye alama 72 anaweza kushangilia, asijue kuwa mwalimu amemwonya. Kwa mwanafunzi wa uzamili, ambaye kwa kawaida hutakiwa kudumisha wastani wa B, kosa hilo la tafsiri linaweza kugunduliwa wakati ambapo halirekebishiki tena.

Mfano wa pili ni muundo wa tathmini. Katika vyuo vya Kenya, sehemu kubwa ya alama hutokana na mtihani wa mwisho wa muhula. Mwanafunzi hodari hujifunza kuhifadhi nguvu zake kwa ajili ya majuma ya mwisho. Marekani, alama hukusanywa kidogo kidogo tangu juma la kwanza, kwa majaribio mafupi, insha, mazoezi na kushiriki darasani. Utaratibu wote huo huandikwa katika muhtasari wa kozi ambao mwalimu huugawa siku ya kwanza, naye huuchukulia kama mapatano. Mgeni anayeuweka pembeni akisubiri mtihani hufika mwisho wa muhula akiwa ameshindwa tayari.

Mfano wa tatu ni adabu. Kijana aliyelelewa kuamini kwamba mdogo hamkatizi mkubwa huona kumpinga profesa hadharani ni utovu wa nidhamu. Hukaa kimya kwa heshima, akasikiliza kwa makini na kuandika. Mwalimu naye huusoma ukimya huo kama dalili ya kutojiandaa, na humkata alama. Vivyo hivyo kuhusu saa za ofisini, yaani muda ambao mhadhiri huutenga kila juma kuwasikiliza wanafunzi. Mgeni huuona mlango huo kama mlango wa mkuu wa shule, unaobishwa na mwenye kesi. Wenyeji huingia humo kuuliza hata lisilo na uzito, nao hujulikana kwa majina. Siku ya kuomba barua ya mapendekezo inapofika, mgeni hana mhadhiri anayemfahamu.

Mfano wa nne ni uandishi. Mwaka wa 1966 Robert Kaplan alidai kwamba jamii mbalimbali hupanga hoja kwa namna mbalimbali. Dai lake lilikosolewa kwa kurahisisha mambo mno, lakini lilifungua mjadala wenye manufaa. Msemaji stadi wa Kiswahili hamvamii msikilizaji kwa hoja. Humwandaa kwa maamkizi, kwa methali na kwa kisa, kisha hulifikisha neno lenyewe likiwa limekwisha kutengenezewa njia. Huo ni ufundi, si udhaifu. Lakini insha ya chuo cha Marekani hutaka hoja kuu itajwe katika aya ya kwanza, na aya zote zinazofuata ziitumikie. Hali kadhalika, kunakili maneno ya msomi mkubwa bila kutaja alikoyatoa, jambo ambalo pengine lilipita bila kuonekana katika shule ya sekondari, huko ni wizi wa kitaaluma unaoweza kumfukuzisha mtu chuoni. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba insha yake haina mpangilio, hajifunzi lolote. Akionyeshwa kwamba kuna mipangilio miwili na kwamba hapa unatumiwa huu, huwa amepewa jembe.

Mgeni kama Mwalimu

Itakuwa kosa kumwona mwanafunzi wa kigeni kama mhitaji pekee. Waswahili pia husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaosomea Kiswahili wanao mfano ulio karibu. Kupitia mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha za kigeni, vijana kutoka Kenya huenda katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, wakafundisha Kiswahili huku wao wenyewe wakisajiliwa katika kozi. Asubuhi mtu huyo ni mwalimu anayewafafanulia wenyeji kwa nini kiti ni kizuri ilhali mti ni mzuri. Alasiri ni mwanafunzi asiyejua kama anaruhusiwa kuinua mkono. Hali hiyo ya kusimama pande zote mbili humwezesha kuelewa jambo muhimu: kushindwa kwa Mmarekani kutumia ngeli ipasavyo si upungufu wa akili, na vivyo hivyo kushindwa kwa Mkenya kuyaelewa mazoea ya semina.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe imenufaika kutokana na wageni wa aina hii. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, akaihitimisha mwaka wa 1985. Ebrahim Hussein alisoma katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin Mashariki. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuandika kabla ya kuondoka. Walikuwa na chao cha kuwapa wenyeji, na walikorudi hawakurudi mikono mitupu.

Vyuo vya Kenya kama Wenyeji

Mjadala huu haukamiliki bila kugeuza kioo. Vyuo vya Kenya vina wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Rwanda, Burundi, Uganda, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kwingineko. Mwaka wa 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo lao kuwa eneo moja la elimu ya juu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka wa 2016, Kongo mwaka wa 2022 na Somalia mwaka wa 2024. Ni dhahiri kwamba njia inazidi kufunguliwa. Swali ni iwapo wageni hao wanapewa jembe.

Mwanafunzi kutoka Lubumbashi huja na Kiswahili chake cha Kongo na elimu aliyoipata kwa Kifaransa. Wa Mogadishu aweza kuja na Kisomali na Kiarabu. Wote hukutana na mihadhara ya Kiingereza, na nje ya darasa hukutana na lugha ambayo hakuna kitabu kilichowafunza. Aliyejifunza Kiswahili sanifu kwa bidii husimama kituo cha matatu jijini Nairobi, akasikia Sheng, na kushuku kwamba alichojifunza si Kiswahili. Akiongea, huchekwa kwa lafudhi. Kicheko hicho huweza kuonekana kidogo kwa anayecheka, lakini ndicho kinachomfanya mwenzake anyamaze muhula mzima. Wakenya wanaolalamika kwamba ng'ambo walidhihakiwa kwa matamshi yao hawana budi kujiuliza wanachowatendea wengine katika mabweni yao.

Hapa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wajibu ambao idara nyingine haziwezi kuutekeleza kwa urahisi. Mambo yafuatayo yanapendekezwa.

Kwanza, kila chama kiandae madarasa ya Kiswahili kwa wageni katika muhula wote, si katika juma la kwanza pekee. Madarasa hayo yafundishe Kiswahili sanifu, lakini yasifiche kwamba Sheng ipo na kwamba mtu hupaswa kuitambua hata asipoizungumza.

Pili, kila mgeni apewe mwenzake mmoja mwenyeji wa mwaka wa pili au wa tatu. Kazi ya mwenyeji huyo iwe kueleza yale yasiyoandikwa: namna ya kumkabili mhadhiri, maana ya alama, mahali pa kupata mitihani ya miaka iliyopita, na utaratibu wa kupata pasi ya mwanafunzi katika idara ya uhamiaji.

Tatu, wahadhiri waombwe kuzieleza kanuni za kozi zao kwa maandishi na kwa mfano wa kazi iliyofanywa vizuri. Jambo hili litawafaa hata Wakenya wanaotoka shule za mashambani, ambao nao, chuoni, ni wageni wa namna yao.

Nne, wageni waalikwe kufundisha. Kongamano la chama likimpa nafasi mwanafunzi wa Kongo aeleze Kiswahili cha kwao, si kwa kuchekesha bali kama mada ya kitaaluma, chama kitakuwa kimepata elimu na mgeni atakuwa amepata mahali.

Hitimisho

Imebainika kwamba mahitaji ya mwanafunzi wa kigeni ni ya kimwili, ya kisheria, ya kijamii na ya kitaaluma, na kwamba hayo ya mwisho ndiyo hufichika zaidi. Ufanisi wake hautokani na juhudi zake pekee. Vincent Tinto, katika nadharia yake ya mwaka wa 1975 kuhusu wanaoacha masomo, alisisitiza kwamba mwanafunzi hubaki chuoni anapofungamana nacho kitaaluma na kijamii. Kufungamana huko hakufanywi na upande mmoja. Mgeni ana wajibu wa kulima, kuvumilia jua na kuuliza asipojua. Mwenyeji ana wajibu wa kumwonyesha mipaka ya shamba na kumkabidhi zana. Chuo kinachopokea karo ya mgeni, kikamwacha abahatishe kanuni, kisha kikamwandikia kwamba ameshindwa, kitakuwa kimevuna mahali ambapo hakikupanda. Na wanafunzi wa Kiswahili, ambao lugha yao ilikua kwa kuwapokea wageni bandarini na njiani, hawana sababu ya kuusubiri uongozi wa chuo ndipo waanze.